Je, Aliyeonewa Aweza Naye Kuonea? Tafakari Mbele ya Picha za Uholanzi



Katika kipindi chetu cha mafundisho ya Alhamisi kuna swali ambalo limekuwa likirudi: mtu aliyeonewa, je, mateso yake yanamfanya kuwa mwenye haki? Wengi wetu tunajibu haraka kwamba ndiyo. Tunasema, "Mimi nimepitia vita, nimefukuzwa kwangu, nimezika watu njiani. Siwezi kumtendea mwenzangu ubaya." Ni jibu linalofariji moyo. Lakini Maandiko hayalikubali, na ushahidi mmoja dhidi yake niliuona kwa macho yangu katika nyumba ya picha huko Ulaya.

Miaka michache iliyopita makanisa rafiki ya Uholanzi yaliwaalika wachungaji kadhaa kutoka Afrika kwa mkutano, nami nikasafiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi. Siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka mjini Amsterdam kwenye Rijksmuseum, maana yake makumbusho ya taifa. Ni jengo kubwa la matofali lenye minara, lililofunguliwa mwaka 1885. Baadaye lilifungwa miaka kumi likitengenezwa, likafunguliwa tena mwaka 2013. Katikati kuna ukumbi mrefu wenye dari ya juu, kama kanisa kuu, na mwisho wake, mahali ambapo sisi tungeweka madhabahu, imetundikwa picha ya Rembrandt ya mwaka 1642 inayoitwa Zamu ya Usiku. Inaonyesha walinzi wa mji wakijiandaa kutoka na silaha zao. Kimo chake ni zaidi ya mita tatu na nusu, na upana zaidi ya mita nne.

Huenda mtu akauliza, picha hizi si sanamu zilizokatazwa? Wenyeji wale wenyewe walilifikiria jambo hilo. Waprotestanti wa Uholanzi waliziondoa picha makanisani mwao katika karne ya 16. Basi wachoraji wakawauzia watu wa kawaida, wafanya biashara na mafundi, picha za kutundika nyumbani: picha za bahari, za ng'ombe, za meza yenye mkate, za baba na mama wa nyumba. Hakuna aliyezipigia magoti.

Moja ya picha hizo ni ya Johannes Vermeer, iliyochorwa karibu na mwaka 1660. Ni ndogo, haifiki nusu mita kila upande. Mwanamke mtumishi amesimama jikoni, mikono ya nguo imekunjwa, anamimina maziwa kwenye bakuli. Mezani kuna mikate, na mwanga unaingia kwa dirisha la kushoto. Basi. Lakini mchoraji amemtazama yule mtumishi kwa heshima ileile ambayo wengine waliwapa wakuu. Mama yeyote wa kwetu aliyewahi kuamka alfajiri kuwasha moto angeielewa picha ile bila mkalimani.

Sasa niwaambie juu ya picha mbili zilizonifikisha kwenye swali letu. Rembrandt alizichora mwaka 1634. Moja ni ya kijana aitwaye Marten Soolmans, nyingine ni ya mkewe Oopjen Coppit, waliokuwa wamefunga ndoa mwaka uliotangulia. Wamechorwa wamesimama, tangu kichwani hadi miguuni, kwa kimo cha mtu halisi. Nguo zao ni nyeusi za thamani, zenye kola pana za lesi nyeupe. Viatu vya bwana vina mapambo makubwa, na bibi ana lulu shingoni. Mwaka 2016 nchi za Uholanzi na Ufaransa zilichanga na kuzinunua picha hizo kwa euro milioni 160. Tangu hapo zinakaa kwa zamu, mara Amsterdam, mara Paris, na hazitenganishwi. Nilipofika ilikuwa zamu ya Amsterdam.

Baba yake Marten, Jan Soolmans, alikuwa mkimbizi. Alitoka Antwerp, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Mwaka 1585 mji huo uliangukia mikononi mwa majeshi ya mfalme wa Hispania baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu. Waprotestanti walipewa miaka minne tu: warudi katika dini ya mfalme, au wauze mali zao na kuondoka. Karibu nusu ya wakazi wa mji ikatoweka. Wengi walikimbilia kaskazini, Amsterdam na Haarlem. Hata mchoraji Frans Hals, ambaye picha zake nazo zimo katika jumba lile, alizaliwa Antwerp, akapelekwa Haarlem na wazazi wake akiwa mtoto. Sehemu kubwa ya utajiri na ufundi wa Uholanzi ya karne ya 17 ililetwa na watu waliovuka mpaka na mizigo kichwani. Nilipoyasikia hayo, moyo wangu ulifurahi. Nilisema, kumbe watu wetu!

Lakini habari haikuishia hapo. Huyu mkimbizi alifanya kazi gani? Alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari. Sukari ghafi ililetwa kwa meli kutoka Brazili, ikachemshwa Amsterdam na kuuzwa Ulaya. Na huko Brazili miwa ilikatwa na nani? Na Waafrika waliofanywa watumwa, sehemu kubwa yao wakiwa wametolewa Angola na Kongo. Walifanya kazi mashambani na kwenye vinu na matanuru, mchana na usiku wakati wa mavuno. Wengi hawakumaliza miaka mingi. Lesi ile nyeupe na lulu zile zimetoka katika mali iliyochumwa hivyo.

Marten alifariki mwaka 1641. Oopjen akaolewa tena na mwanamume aitwaye Maerten Daey, ambaye zamani alikuwa askari huko Brazili. Watafiti wa jumba lile wamefuatilia habari zake wakakuta kwamba akiwa huko alimshika mwanamke Mwafrika aitwaye Francisca, akambaka, naye akazaa mtoto wa kike. Francisca hana picha. Hakuna aliyemchora. Jina lake limebaki katika karatasi tu.

Wapendwa, lizingatieni jambo hili. Baba alifukuzwa kwao kwa ajili ya imani. Alijua uchungu wa kufunga mlango wa nyumba yako na kutojua nani ataufungua kesho. Alipokelewa, akapata amani, akapata kazi. Na katika amani ile ile akajenga nyumba yake kwa jasho la watu waliofukuzwa kwao vibaya kuliko yeye. Sijui kama aliwahi kuwafikiria. Walikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, na sukari ni nyeupe, haionyeshi damu.

Biblia ililijua jambo hili kabla ya Antwerp. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, akawa mtumwa katika nchi ya kigeni, akafungwa bila kosa. Hatuna mkimbizi tunayempenda kuliko yeye. Lakini someni Mwanzo 47, kuanzia mstari wa 13, sura ambayo hatuihubiri mara nyingi. Njaa ilipozidi, yule aliyekuwa ameuzwa ndiye aliyepokea fedha za watu, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwisho watu wenyewe wakawa watumwa wa Farao ili wapate kula. Ni kweli aliwaokoa na kifo, nao walimshukuru. Lakini ukigeuza kurasa chache, katika Kutoka 1, Farao mwingine amewafanya watumwa wana wa Israeli wenyewe, jamaa za Yusufu. Ndiyo maana Mungu, alipowatoa, hakuwaambia tu kwamba wako huru. Katika Kutoka 23:9 aliwaagiza wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wanaijua nafsi ya mgeni. Kama mateso peke yake yangemfanya mtu kuwa mwenye haki, amri hiyo ingekuwa ya nini?

Basi picha kama zile zifanyweje? Wapo wanaosema zishushwe ukutani. Wapo wanaosema tuutazame uzuri tu na kuyaacha ya kale. Makumbusho yale yalichagua njia nyingine. Mwaka 2021 yalifanya maonyesho makubwa juu ya utumwa, na picha za Marten na Oopjen zilikuwamo, na habari ya sukari ikaelezwa wazi. Pia yaliweka maelezo mapya kando ya vitu 77 katika kumbi zake za kila siku. Mwezi Desemba 2022 waziri mkuu wa Uholanzi aliomba radhi kwa niaba ya serikali, na tarehe 1 Julai 2023 mfalme naye akaomba radhi. Siku hiyo ilikumbukwa kwa sababu utumwa ulifutwa katika makoloni yao ya Suriname na visiwa vya Karibi tarehe 1 Julai 1863, ingawa huko Suriname waliofunguliwa walilazimishwa kufanya kazi miaka kumi zaidi.

Kwangu mimi njia hiyo inafanana na ya Biblia. Mathayo 1 inatupa picha ya ukoo wa Bwana wetu, picha tukufu kuliko zote. Lakini alipomfikia Daudi na Sulemani, mwandishi alimtaja mama kama mke wa Uria. Angeweza kuandika Bathsheba akapita. Uria aliyeuawa amewekewa nafasi katika ukoo wa Masihi, ili kila asomaye akumbuke. Daudi hakufutwa, na dhambi yake haikufunikwa. Neema ya Mungu haihitaji uongo wetu.

Sasa turudi kwetu hapa Uganda. Wengi wetu tumekaa miaka kumi, kumi na tano na zaidi. Tulipewa ploti, tukajenga, wengine wana duka, mashine ya kusaga, pikipiki. Tumshukuru Mungu, wala asiwepo wa kuona aibu kwa kufanikiwa. Lakini tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, ndugu wapya wengi wamevuka mpaka. Wao ndio wageni wetu. Na yapo mambo yanayosemwa kisimani ambayo hayafiki kanisani. Kwamba mtu analima kibarua siku nzima kwa bakuli la mahindi, kwa kuwa mwenye shamba anajua hana pa kwenda. Kwamba malipo yanaahirishwa mpaka mlimaji anachoka kuyadai. Kwamba msichana aliyefika bila wazazi anaitwa "mtoto wetu" mbele ya wageni, lakini analala jikoni, na asubuhi watoto wengine wanapokwenda shule yeye anakwenda kuchota maji.

Karibu kila nyumba hapa ina picha ukutani: ya harusi, ya ubatizo, ya ndugu aliyehamishiwa Marekani. Nawaombeni kila familia wiki hii isimame mbele ya picha yake na kujiuliza maswali matatu.

Kwanza, ni nani aliyepika, aliyefua na aliyelima siku ile, naye hayumo katika picha?

Pili, je, kuna mtu anayetudai? Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Hasemi kwamba mvunaji lazima aje ofisini kulalamika ndipo Mungu asikie.

Tatu, tungeona haya kama habari yote ya nyumba yetu ingeandikwa kwenye kibao na kutundikwa kando ya picha yetu?

Swali la tatu ndilo gumu, maana siku moja kibao hicho kitaandikwa. Bwana alisema hakuna lililofichwa ambalo halitadhihirika. Familia ya Soolmans ilisubiri karibu miaka 400. Sisi tunayo nafasi ya kuandika kibao chetu wenyewe tungali hai: kulipa deni kabla ya Jumapili, kumwandikisha yule msichana shule muhula ujao, kumpa mgeni kipande cha shamba alime kwa faida yake. Mashemasi wako tayari kusaidia kimyakimya wanaotaka kupatana na vibarua wao, na hakuna jina litakalotangazwa.

Mungu aliyetuvusha salama atupe moyo usiosahau ng'ambo tulikotoka. Neema iwe nanyi.

Mchungaji wenu katika Kristo.