Gharama ya Akili

Akili ya binadamu haina bei sokoni, na kwa sababu hiyo hasara yake aghalabu haiandikwi popote. Lakini kitu kukosa bei si dalili ya kukosa gharama, na katika kuyachanganya mambo haya mawili ndimo dhuluma kubwa inamojificha.

Tutazame Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Masika yanapowadia, mianzi ya vijiji vya jirani huchipua, na mgema huikata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, akatega mbeta, chombo cha mwanzi, ipate kujaa. Ulanzi, yaani pombe ya mianzi hiyo, ukiwa mbichi ni mtamu. Kesho yake umekwisha kuwa mkali, na haukawii kuharibika. Kwa kuwa hauwekeki, sharti uuzwe upesi, na kwa kuwa sharti uuzwe upesi, huuzwa rahisi, nao hufurika katika miezi ileile ambayo ghala limepungua na shamba linadai palizi. Simlaumu mama muuzaji, ambaye kwa fedha hiyo humnunulia mwanawe sare ya shule. Nasema tu kwamba hesabu yake ina mapato peke yake. Palizi iliyoachwa, mke anayekesha akimlinda mume aliyerukwa na akili kwa pombe, kijana aliyeacha masomo ili ashike jembe la baba: hayo yote hulipwa na watu ambao hawakuonja hata kikombe.

Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017, ilikiri kwamba urahisi wa kileo ni sehemu ya maradhi; na ilipoanza kuwapa waraibu wa heroini methadoni pale Muhimbili mwaka 2011, kisha Mbeya, ilikiri kwamba mraibu ni mgonjwa. Lakini dawa hiyo ya bure kwa kawaida hunywewa kituoni kila siku, na nauli ni ya mgonjwa mwenyewe, ambaye kazi ilikwisha kumponyoka zamani.

Wako wasemao kwamba aliyekunywa kwa hiari yake na ajitibu kwa mfuko wake. Hoja hii ingesimama kama hiari isingekuwa tendo la akili, yaani kiungo kilekile kilichougua, na kama huzuni isingekuwa mara nyingi imekitangulia kikombe.

Kodi ya vileo huingia hazina kila mwaka. Basi na litengwe humo fungu la tiba ya akili, lifike hadi zahanati ya kata, nalo lihesabiwe kuwa ni deni linalolipwa, si sadaka.