Cheo Huazimwa, Jina Hubaki

Wajukuu zangu wa Kariandusi, nawaona mkidandia malori ya kampeni kwenda Gilgil na Nakuru, fulana mpya kifuani, sauti zimekauka. Siwakatazi siasa. Ila kabla hamjamshangilia mtu, mjueni Ramogi Achieng Oneko.

Alizaliwa Uyoma, kando ya Ziwa Viktoria. Alikuwa kiongozi wa chama cha KAU, na Oktoba 1952 Waingereza wakamkamata. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta na wenzao wanne, asiachiliwe hadi 1961. Mwaka 1963 wapiga kura wa Nakuru Mjini, mji wa makabila mengi, wakampa kiti cha Bunge yeye mtu wa Uyoma. Kenyatta, sasa kiongozi wa serikali, akamfanya waziri wa habari, na katika zamu yake, mwaka 1964, redio ikawa mali ya taifa kwa jina la Sauti ya Kenya.

Miaka miwili baadaye, chama tawala cha KANU kilipomsukuma kando makamu wa rais Oginga Odinga, Oneko aliacha uwaziri akamfuata katika chama kipya cha KPU. Bunge likabadilisha sheria: anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Alirudi Nakuru, akashindwa. Mwaka 1969 KPU ilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini hadi 1975, safari hii na serikali ya mtu aliyefungwa naye. Vyama vingi viliporudi, Rarieda ilimchagua mbunge mwaka 1992. Alifariki Juni 2007.

Basi shikeni haya. Anayetaka uongozi ajue mapema ni jambo gani litakalomfanya aache kiti. Asiyelijua atakubali kila kitu, na mwisho atakuwa tarishi wa mkubwa wake. Pili, muwe na kazi ya mikono au ya elimu, maana mwenye njaa hawezi kujiuzulu. Na mzungumze na watu wa nyumbani kwanza, kwa kuwa gharama ya msimamo hulipwa na mke na watoto pia.

La mwisho ndilo zito. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, hapa Nakuru na Naivasha, vijana wa rika lenu waliuana kwa ajili ya viti ambavyo wakubwa waligawana baada ya wiki chache. Mwanasiasa akikupa panga, mrudishie, umwambie atangulie na mwanawe.