Toba ya Mume Ampigaye Mkewe
(Luka 19:8, Wakolosai 3:19)



Mwezi huu twanena juu ya jambo lifichwalo nyuma ya mlango. Mwanamke apigwa, akimbilia kwa wazee wa kanisa. Mume aja, ainamisha kichwa, asema, "Nimekosa." Wazee waomba, kisha wamrudisha mke nyumbani. Baada ya siku chache aja tena, jicho limevimba. Je! hiyo ndiyo toba?

Zakayo hakuishia katika maneno. Alijifunga kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, toba iwezayo kuonekana kwa macho. Naye Paulo aliwaagiza waume wawapende wake zao, fimbo hakuwapa. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga.

Wengine husingizia pombe. Lakini mlevi huyo akikutana na hakimu njiani, hampigi. Basi ajua kujizuia. Nyumbani hajizuii kwa sababu adhani mke ni mali yake. Wazo hilo amefundishwa tangu utoto, na kwa hiyo yampasa kufundishwa upya.

Mafundisho ya namna hiyo yako. Mashariki ya Kongo waume walikusanyika kila juma, kwa majuma 16, wajifunze kuacha jeuri. Habari zilizochapwa mwaka 2020 zaonyesha ya kuwa mawazo yao yalitengenea. Lakini wake zao walipoulizwa, haikuonekana kwamba mapigo yamepungua kuliko mahali pengine. Kumbe ulimi hutubu upesi kuliko mkono! Huko Kampala, kazi iitwayo SASA! ilifundisha mitaa mizima, waume kwa wake, wazee na polisi pamoja. Taarifa ya mwaka 2014 yasema wake waliopigwa na waume zao katika mwaka mmoja walikuwa pungufu karibu nusu kuliko katika mitaa isiyofundishwa.

Basi, wazee, tujifunze. Mume afundishwe, tena kwa muda mrefu. Usharika wote ufundishwe pamoja naye, jirani asiseme, "Ni mambo ya nyumbani." Atakayeulizwa kama mume amegeuka ni mke, naye aulizwe peke yake, mume asipokuwapo. Aogopaye asirudishwe kwa nguvu. Apewe mahali pa kulala, asindikizwe kwenye dawati la jinsia la polisi. Mafundisho hayaondoi hukumu ya sheria.

Wazee wa Ufipa walifukia majani chini ya matuta, wakangoja yaoze, ndipo wakapanda. Hakuna aliyefukia asubuhi akavuna jioni. Nawe, ndugu uliyeinua mkono juu ya mkeo, mlango wa rehema u wazi; lakini ingia kama mwanafunzi, ukae mpaka tunda lionekane. Naye atakayelitambua kwanza ni yeye uliyempiga.

Bwana atupe mioyo mipya. Amin.