Jambo Dogo Aliloagizwa Naamani

JUMATANO

Soma 2 Wafalme 5:9–14. Kwa nini Naamani alikasirika? Ni nani waliomrudisha kwenye njia ya kupona?

Naamani alitazamia jambo kubwa, akaagizwa kujichovya mtoni mara saba. Aliyemponya ni Mungu, si maji ya Yordani; lakini kama asingeshuka mtoni, angerudi kwao na ukoma wake.

Wengi wanaoambiwa kliniki kwamba wana kisukari au shinikizo la damu hupokea vidonge na kulidharau agizo la pili: fanya mazoezi. Huonekana jambo dogo mno. Hata hivyo, ndivyo Muumba alivyoutengeneza mwili: msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Mishipa hutanuka, moyo huimarika, na shinikizo hupungua. Lakini baada ya siku moja au mbili za kukaa tu, faida juu ya sukari huanza kupotea. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, yaani nusu saa kwa siku 5.

Mkulima wa Makunduchi huyapata kwa jembe lake. Mwenye duka Darajani, anayeketi kutwa, hana budi kuyatafuta. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kwa ajili ya miguu, wala havidai kiingilio. Kila Januari 1 Zanzibar huadhimisha siku ya mazoezi ya viungo. Uaminifu hupimwa katika siku zinazofuata.

Imani haimwagizi mgonjwa kuacha dawa. Apate kwanza ushauri wa daktari. Anayetumia insulini apime sukari, abebe kitu kitamu, na avae viatu vinavyofunika miguu, kwa maana kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu. Akisikia maumivu ya kifua, asimame na kwenda hospitali mara moja.

Angalia tena watumishi wa Naamani. Hawakumkemea, walimsihi kwa upole, na akashuka. Mgonjwa aliyekata tamaa huenda asihitaji hotuba nyingine juu ya hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20), bali ndugu wa kumpigia hodi alfajiri na kutembea naye kwa mwendo wake.

Tafakari: Ni nani katika kikundi chenu anayengoja hodi hiyo? Nani ataanza kesho?