Tenda Wema, Usiende Zako

Tenda wema uende zako. Usemi huu nimekua nao Unguja, barazani na misikitini, na sikuzote maana yake ni kwamba usingoje shukurani. Ni usemi mzuri. Ila tangu nianze masomo ya uzamili, nusu yake ya pili inanikosesha raha, na sababu ni madini ya chuma.

Damu inahitaji chuma ili ibebe oksijeni. Bakteria nao, karibu wote, wanakihitaji ili wazaliane. Ndiyo maana mwili ulioingiliwa na maambukizi huficha chuma chake wenyewe. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hukizuia chuma kisitoke kwenye utumbo na ghala za mwili kuingia kwenye damu. Kilichomo kwenye damu hushikwa na protini ya transferini. Lakini maabara zimeonyesha kuwa noradrenalini, homoni ya mshtuko, hukilegeza chuma hicho, na bakteria kama Salmonela hujichotea na kuongezeka kwa kasi. Homoni moja inafunga ghala, nyingine inafungua dirisha.

Sasa tuvuke hadi Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri na washirika wake waliwapa watoto wa miezi 1 hadi 35 vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Utafiti wote ulikuwa na watoto zaidi ya 24,000. Upungufu wa damu ulikuwa tatizo kubwa, malaria ilikuwa imeenea, na kumpa mtoto chuma kulionekana wema usio na shaka. Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa. Watoto waliovipata walikuwa na uwezekano wa 12% zaidi wa kulazwa au kufa kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Je, palitendeka uovu? Kwetu tunafunzwa kuwa amali hupimwa kwa nia, na nia ilikuwa safi. Lakini homa haiulizi nia. Kinachonigusa zaidi ni kwamba tofauti ya 12% haionekani kwa jicho la mama mmoja. Mtoto angeugua, watu wangesema ni kazi ya Mungu, na chuma kingeendelea kugawiwa. Madhara yalijulikana kwa sababu moja tu: waliotoa vidonge walibaki wakihesabu, na hesabu ilipowageukia walikubali kuacha.

Mwaka huu dada yangu, anayekaa Malindi, alinionyesha viganja vya mwanawe vilivyopauka. Alikuwa na chupa ya dawa ya kuongeza damu mkononi.

"Wewe si ndiyo unayasoma haya? Nimpe, nisimpe?"

Ingekuwa rahisi kumwambia asimpe, kwa sababu ya Pemba. Lakini utafiti uleule uliona kuwa, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, watoto waliopungukiwa na chuma kweli walinufaika nacho. Tena malaria Unguja leo si ile ya Pemba ya 2003. Kumnyima mtoto chuma anachokihitaji, huku mimi nikijiona mwangalifu, nako ni kumdhuru. Nikamwambia ampeleke kwanza apimwe damu na malaria, kisha ampe kama atakavyoelekezwa na mtaalamu, na arudi kupimwa tena.

"Kurudi ndiyo kazi," alisema. Na kweli ni kazi: nauli, foleni, siku nzima ya biashara kupotea.

Naona hapo ndipo uzito wa swali ulipo. Kutoa ni kwepesi, na huleta sifa papo hapo. Kurudi kutazama kama ulichotoa kimefaa kunachosha, na pengine kutakuaibisha. Usingoje shukurani, sawa. Lakini anayetenda wema kwenye mwili wa mwingine ana deni la kungoja majibu. Siku dada yangu aliporudi kituoni, mimi ndiye niliyekaa dukani kwake.