Mkuki kwa Nguruwe Mtamu, kwa Binadamu Mchungu

Methali hii ilizaliwa shambani. Mwenye shamba la mihogo au mahindi karibu na msitu hupanda dunguni jua likitua, mkuki ubavuni, akilinda nguruwe mwitu. Kundi moja laweza kufukua jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja. Mnyama huyu hana mtetezi. Pwani, ambako Waislamu ni wengi, hata nyama yake hailiwi, na auawapo hakuna anayeuliza kama alistahili. Mkuki ukimwingia, mlinzi hupata raha, maana mavuno yamepona. Methali humwacha katika raha hiyo kwa nusu ya sentensi, kisha humgeuzia chembe. Mpini ni uleule, chuma ni kilekile. Ngozi inayochomwa ndiyo iliyobadilika.

Maneno mawili yanabeba uzito wote: mtamu na mchungu. Mkuki hauna ladha. Utamu ni wa anayeurusha, na uchungu ni wa anayechomwa. Kwa hiyo nusu ya kwanza inasemwa na mrushaji na nusu ya pili inasemwa na mchomwaji, hata kama ni mtu mmoja. Nguruwe naye hakuulizwa. Maumivu yake hayatajwi kabisa, na ukimya huo ndio kiini cha methali. Hapo ndipo inapotofautiana na jirani yake, “Nyani haoni kundule.” Nyani ana kosa la kutojiona. Mrushaji wa mkuki anajiona vizuri sana. Asiyemwona ni yule aliye upande wa pili wa chuma.

Kifalsafa, methali inatoa kipimo: shikilia tendo lilelile, badilisha mtendaji na mtendwa, kisha tazama kama hukumu inabaki palepale. Ikihama, basi kilichohukumiwa tangu mwanzo ni mtu, si tendo. Methali inaonyesha pia jinsi watu wema wanavyofika huko. Hakuna anayependa kumchoma binadamu mwenzake. Kwanza humwita jina jingine. Akishaitwa mhuni, mhaini au gaidi, ameshaondolewa katika nusu ya pili ya methali na kuwekwa katika ya kwanza, na maumivu yake hayaulizwi tena.

Siasa za Kenya zinatoa mifano iliyo wazi ya kipimo hiki. Tarehe 27 Machi 2023, siku ya maandamano ya upinzani kuhusu gharama ya maisha na matokeo ya uchaguzi wa 2022, polisi jijini Nairobi walirusha vitoa machozi na kutumia maji ya kuwasha dhidi ya msafara wa kiongozi wa upinzani, Raila Odinga. Siku iyo hiyo umati ulivamia shamba la Northlands la familia ya rais mstaafu Uhuru Kenyatta, aliyemuunga mkono Odinga. Miti ilikatwa kwa misumeno, moto ukawashwa, na watu wakapigwa picha wakiondoka na kondoo mabegani na juu ya bodaboda, mchana kweupe, bila polisi wa kuwazuia. Kiwanda cha mitungi ya gesi cha familia ya Odinga nacho kilipigwa mawe. Serikali yenye nguvu ya kutawanya msafara mjini ina nguvu ya kulinda zizi la kondoo nje ya mji. Ilipokosekana pale, wananchi walielewa ujumbe bila kutafsiriwa.

Mwaka uliofuata majina yakawa makali zaidi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia bungeni, na sehemu ya jengo ikawaka moto. Polisi walitumia risasi za moto. Rais William Ruto alilihutubia taifa usiku huo akalitaja tukio kuwa la kihaini; kesho yake alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada. Kufikia Julai mosi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Hotuba ya kwanza ilikuwa na maneno mengi kuhusu jengo na machache mno kuhusu waliolala barabarani mbele yake. Hicho ndicho kimya cha nguruwe.

Juni 2025 ilileta picha ambayo haihitaji maelezo marefu. Tarehe 17, waandamanaji waliodai haki kwa ajili ya mwanablogu aliyefia mikononi mwa polisi walivamiwa katikati ya Nairobi na wanaume waliokuja kwa pikipiki, viboko na rungu mikononi. Video zilionyesha baadhi yao wakitembea karibu na maafisa wa polisi bila bughudha, huku kijana aliyekuwa akiuza barakoa akipigwa risasi kichwani na afisa aliyesimama hatua chache tu. Mwenye kiboko alipita. Mwenye barakoa alianguka. Wiki chache baadaye, tarehe 9 Julai, Rais alisema anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitali, kisha mahakamani. Baadhi ya vijana waliokamatwa kwa madai ya kuchoma ofisi za umma walishtakiwa kwa ugaidi. Ukitumia kipimo cha methali, swali ni fupi: je, wenye viboko wa tarehe 17 walitafutwa kwa bidii hiyohiyo, na nani aliwahi kuwaita magaidi?

Upinzani hauponi katika kipimo hiki. Rigathi Gachagua alikuwa naibu wa rais wakati maandamano ya 2023 yakizimwa kwa nguvu, na alikuwa miongoni mwa sauti kali zaidi dhidi ya waandamanaji. Aliondolewa madarakani Oktoba 2024, na mwaka uliofuata akawa analalamika hadharani kwamba wahuni wa kukodiwa wanavuruga mikutano yake na polisi wanatazama tu. Malalamiko yake yanastahili kusikilizwa, kwa sababu anayeonja uchungu leo hapotezi haki kwa kuwa jana alionja utamu. Kuna pia wanasiasa wa ODM, chama cha Odinga, waliolia na familia za waliouawa katika maandamano ya 2023, ambao baada ya chama chao kukaribiana na serikali mwaka 2024 sauti zao zilishuka. Risasi hazikuwa zimebadilika.

Mfano wa zamani zaidi unahusu ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi. Februari 2009 bunge liliukataa mswada wa kuunda mahakama maalumu ya ndani, na baadhi ya wabunge walisema waziwazi kwamba afadhali kesi ziende Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mkuki ulikuwa mtamu, kwa kuwa haikujulikana utamwelekea nani. Tarehe 15 Desemba 2010 mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo alitangaza majina sita ya washukiwa, yakiwemo ya vigogo wa pande zote mbili. Wiki moja tu baadaye bunge lilipitisha hoja ya kujiondoa katika mkataba wa mahakama hiyohiyo. Hakuna hata mmoja wa wale sita aliyetiwa hatiani.

Kuna pingamizi la haki linaloikabili methali hii. Si kila tofauti ni upendeleo. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Anayepora duka amejitoa mwenyewe katika kinga hiyo, na kumkamata si uonevu. Kinachodaiwa ni kwamba mpaka kati ya mwandamanaji na mwizi uchorwe na tendo lake, si na kabila lake, chama chake wala aliyemlipa nauli. Walioandamana kwa nia njema nao wana deni hapa. Baada ya maandamano ya 25 Juni 2025 wenye maduka katikati ya Nairobi walikuta milango imevunjwa na rafu tupu, na wapo walioyaita hayo gharama ya ukombozi. Mama aliyechukua mkopo ili ajaze duka hakuulizwa kama anakubali kuilipa.

Asubuhi baada ya siku kama hizo, mwenye duka hufika kituo cha polisi kuandikisha hasara, na mzazi hufika kuulizia mwanawe ambaye hakurudi nyumbani. Wote wawili husimama kwenye kaunta ileile, maelezo yao huandikwa katika kitabu kilekile cha matukio, na kila mmoja huondoka na namba ya OB kwenye kipande cha karatasi.