Bibi Aliniuliza Ninasoma Nini

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nje ya jiko la bibi, simu mkononi, nikisoma riwaya. Bibi alikuwa anapuliza moto. Usukumani kuni ni za shida, kwa hiyo moto wake huchanganywa na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake unauma macho. Akaniuliza bila kugeuka, "Unasoma nini, mjukuu wangu, mpaka unacheka peke yako?"

"Hadithi ya mapenzi, bibi."

"Ya nani na nani?"

Nikamwambia ni ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu na mwanasayansi aliyempenda. Sikudanganya. Diana Bishop, katika A Discovery of Witches ya Deborah Harkness, ni mwanahistoria anayesoma miswada ya kale katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na Matthew Clairmont kweli ni mwanasayansi. Nilichoficha ni kwamba mwalimu ni mchawi na mpenzi wake ananyonya damu. Kwa Kiingereza maneno hayo nilikuwa nimeyameza kurasa mia kadhaa bila kusita. Kwa Kiswahili, mbele ya bibi, yalinikwama kooni.

Nimezisoma nyingi riwaya za namna hii, na sitaki kujifanya nilikuwa nazichunguza. Nilikuwa nazifurahia. Mwenzangu wa chumba chuoni, aliyenipa ya kwanza, ana utetezi ambao bado sijaupatia jibu. Anasema sisi ni wasichana tulioambiwa tangu kidato cha nne kwamba tukisoma sana tutakosa waume. Halafu inakuja hadithi ya mwanamke ambaye nguvu zake zinazidi kukua, na mwanamume aliye mbele yake hakimbii. Anazidi kumpenda. Nani asingekesha?

Lakini neno nililomficha bibi lina kazi nyingine kule kwetu. Hakuna anayejiita mchawi. Mtu huitwa hivyo na wengine, na mara nyingi anayeitwa ni mwanamke mzee, mjane, mwenye shamba ambalo mtu fulani analitazama. Ushahidi ni macho mekundu. Yaani moshi. Miaka ya utoto wa mama yangu, rafiki mkubwa wa bibi alikatwa mapanga usiku, nyumbani kwake, kwa ushahidi huo. Serikali ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, enzi za Waingereza, na sheria hiyo inamwadhibu hata anayemsingizia mwenzake uchawi. Haikumfikia kwa wakati. Lugha yetu ina methali moja tu ninayoijua inayomsogelea mchawi kwa upole: mchawi mpe mwana akulelee. Na hata huo upole ni mtego.

Huyo mnyonya damu naye si mzaha. Oktoba 2016, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo waliokwenda kuchukua sampuli za udongo waliuawa pamoja na dereva wao, baada ya uvumi kuenea kijijini kwamba ni wanyonya damu. Wanasayansi, kama Matthew.

Unaweza kuniambia kwamba Marekani si Usukumani, na kwamba kule neno limekwisha makali. Ni kweli. Mjini Salem, Massachusetts, magari ya polisi yana picha ya mchawi juu ya ufagio, na kila Oktoba watalii hujaa barabarani wakiwa na kofia zenye ncha. Mwaka 1692 mji huo huo ulisimamia kesi zilizowanyonga watu 19, na wa ishirini, mzee aliyekataa kujibu mashtaka, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Wa kwanza kunyongwa, tarehe 10 Juni, alikuwa Bridget Bishop. Jina lake lilisafishwa kisheria mwaka 2001. Miaka 309. Pengine ndiyo muda unaohitajika ili kaburi ligeuke kuwa burudani, na mimi, msomaji wa Mwanza, nimekopa burudani ya watu waliokwisha kusubiri muda wao wakati makaburi yetu bado yana udongo mbichi.

Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa nikidhani ndilo jibu. Halafu nikaona kwamba linaisamehe Salem upesi mno. Diana Bishop wa riwaya ni mjukuu wa mbali wa Bridget huyo huyo, na katika riwaya, ukoo ule ni wa wachawi kweli. Nguvu zinarithiwa. Kwa hiyo waliomnyonga Bridget walikosea kumwua tu. Kuhusu alivyokuwa, walisema kweli. Mwandishi anataka kumtukuza, naamini, lakini anamtukuza kwa kukubali shtaka. Bridget wa kweli alisimama mahakamani akasema yeye si mchawi, wala hamjui hata mchawi ni nini. Hilo ndilo jambo pekee tunalojua kwa hakika kwamba alitaka aaminiwe, na hata sisi tunaompenda tunamkatalia, kwa sababu mwanamke wa kawaida aliyesingiziwa hatunogei. Rafiki wa bibi alikuwa mwanamke wa kawaida. Alipika kwa mavi ya ng'ombe.

Riwaya za watu waliowahi kuishi zamani na kuzaliwa tena zinanisumbua kwa namna nyingine, na hizi ndizo nazipenda zaidi. Katika dini za India, zilizolitunza wazo hili kwa karne nyingi, kuzaliwa tena na tena ni mzunguko ambao mtu anatafuta kutoka. Riwaya za mapenzi zimeligeuza: kuzaliwa tena ni nafasi ya pili. Katika My Name Is Memory ya Ann Brashares, Daniel anakumbuka maisha yake yote tangu karne ya sita, na anamtafuta msichana mmoja maisha hadi maisha. Zamani, akiwa askari, ndiye aliyeiwasha moto nyumba aliyokuwemo msichana huyo. Anayekumbuka ni muuaji. Aliyeuawa hakumbuki kitu, yuko shuleni Virginia, anahangaika na mambo ya umri wake.

Je, msamaha wa mtu asiyekumbuka ni msamaha? Sidhani. Lakini naelewa kwa nini nilililia kitabu kile. Kule kwetu, shamba la rafiki wa bibi linalimwa. Kila mtu anamjua anayelilima, na bibi humwamkia na kuitika salamu zake. Nimesoma kurasa nyingi nikitamani muuaji mmoja tu aliyepoteza usingizi kwa miaka elfu moja na mia nne.

Moto ulipokolea bibi alikaa, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Huyo mwalimu," akasema, "ana mama?"

"Wazazi wake waliuawa, bibi. Akiwa na miaka saba. Walikuwa wamesafiri kwenda Nigeria."

"Waliuawa kwa nini?"

Kurasa hizo nilishazipita siku mbili kabla. Nikamwambia sijafika hapo.